Ung'ongo

Miezi kumi na minne, goti.
Mimba iliyoingia siku ile
imeshazaa mtoto, na mtoto ameshaota jino.
Wewe bado unalia.

Nakumbuka Tononoka, dakika ya sabini na ushei,
pasi ya Shebwana, ndefu, ya kijinga,
nami nikaigeukia huku njumu imeng'ang'ania nyasi:
mwili ukaenda Changamwe,
mguu ukabaki palepale.
Ko! Kama kifuu kikikanyagwa.
Kocha Lewa akaja na ndoo ya barafu
na neno lake moja la tiba: "Inuka."

Nikainuka. Huo ujinga wangu wa kwanza.
Wa pili ni sindano chini ya kilegesambwa,
ya yule jamaa wa nyuma ya jukwaa, mwenye mkoba wa ngozi,
iliyonipa nusu fainali
ikaninyima ngazi za nyumbani.

Kisha mtaa mzima ukageuka mganga.
Shangazi Mwanatumu na maji moto ya chumvi,
jirani na mafuta ya simsim,
Saro wa gereji akaapa ni maji ya friji.
Picha ikapigwa, ikainuliwa kwenye mwanga:
kano imeunga, gegedu haina neno.
Daktari akaandika "amepona."
Nikashuka ngazi za hospitali upande upande kama kaa,
nimepona.

Chumba cha Kadzo kiko Ganjoni, juu ya duka la matairi:
kitanda, viti viwili, ngazi ya mbao ya daraja tatu.
Hakuuliza panauma wapi. Aliuliza, "Umeacha nini?"

Nimeacha winga ya kushoto.
Nimeacha kusujudu; naswali kitini
na miaka yangu ishirini na sita, safu moja na vikongwe.
Nimeacha kumbeba mwanangu.
Nimeacha Likoni, kwa ajili ya ule mteremko wa feri,
watu elfu mgongoni
na goti linaloomba ruhusa kila hatua.

Akanyamaza. Kisha, kwa sauti yake ya Kaloleni isiyo na haraka:
"Aliyeumwa na nyoka..."
"...akiona ung'ongo hushtuka," nikamalizia.
"Basi. Nyoka alikuwapo, sikatai. Ameshaondoka.
Goti lako halidanganyi, linaogopa.
Na woga haukandwi kwa simsim. Huzoeshwa."

"Yaani maumivu yako kichwani tu?"
Hapo alinikazia macho.
"Yako mwilini mwako.
Kichwa chako umekiacha wapi, kabatini?"

Tukaanza na kiti. Kukaa, kuinuka, mara nane,
jasho kama la fainali.
Kisha kizingiti. Kisha mfuko wa mchanga, kilo tano.
Kisha ile Jumatano niliyojiona shujaa,
nikakimbia hadi Mama Ngina, nikarudi nimevimba.
Akanirudisha kwenye kiti. Hakunigombeza,
na hilo ndilo liliniuma zaidi.
Kazi hii haina mashabiki.
Hakuna apigaye vigelegele kwa kuwa umeketi polepole.

Juzi shangazi, anasuka ukili barazani,
alinirushia ung'ongo mguuni, makusudi.
Nikaruka.
Akacheka hadi miyaa ikamwanguka mapajani.
"Bado," akasema.

Leo Kadzo ameuliza tena: sifuri hadi kumi?
"Nne."
"Na ulipokuja mara ya kwanza?"
"Nne."
Akaandika. Sikuona masikitiko.
"Umefikaje hapa?"

Nimetoka Likoni.
Nimeshuka ule mteremko na umati, nimevuka,
nimepanda upande wa pili mtoto begani,
na wewe, goti, ukinung'unika njia nzima
kama mgeni wa harusi aliyekosa pilau,
lakini hukurudi nyuma.